Kuuza shamba ili mtoto asomee kilimo

Kule Kiamunyi, viungani mwa jiji la Nakuru, kuna mzee mmoja ninayemjua kwa sababu dada yangu amepanga nyumba yake. Ukiketi naye nje jioni, upande mmoja unaona ukingo wa Menengai, upande wa pili unaona mabati mapya hadi macho yachoke. Aliponunua hapo palikuwa mahindi na maharagwe, naye alikuwa na ekari moja. Mwanawe wa tatu alipopata nafasi ya kusomea kilimo biashara katika chuo kikuu, mzee alikata ploti ya hamsini kwa mia akaiuza, akalipa karo ya mwanzo. Mwaka wa tatu akakata nyingine. Kijana akahitimu.

"Sasa nina mtaalamu wa kilimo hapa nyumbani," mzee akaniambia, "lakini sina mahali pa kumpeleka akanionyeshe alichojifunza."

Alicheka, nami nikacheka kwa adabu. Siku tatu baadaye, nikiwa bado pale pale, kaka yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kaloleni. Binti yake, aliyepata C katika KCSE, alikuwa ameitwa kusomea diploma ya kilimo katika chuo kimoja cha huku Nakuru, na angekaa kwa shangazi yake Kiamunyi. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ndiwe unayeandika magazetini. Niambie, niuze ile sehemu ya minazi ya upande wa barabarani, au nisubiri hizo basari zenu?"

Nilimwomba anipe mwezi mmoja. Haya ndiyo niliyoyapata katika mwezi huo, na nayaandika kwa ajili yake na kwa wazazi wengine wa Pwani ambao najua wanajiuliza swali hilo hilo kila matokeo yanapotoka.

Msomaji atauliza, ya Nakuru yanatuhusu nini sisi? Nenda Kongowea saa kumi na moja alfajiri uangalie malori yanapakua nini. Viazi vya Molo, kabeji, karoti, vitunguu, vyote vya bara. Tuna ardhi kutoka Lunga Lunga hadi Kiunga, tuna Mto Tana, tuna Sabaki, na bado sukuma wiki ya mchuzi wetu husafiri usiku kucha kwa barabara. Sababu ni nyingi, za ardhi na za maji na za siasa, lakini mojawapo ni kwamba elimu ya kilimo ya nchi hii ilipandwa kwenye Bonde la Ufa na huko ndiko ilikonawiri. Mtoto wetu akitaka kuisoma kwa kina, mara nyingi atapanda basi.

Historia yenyewe si ndefu. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton, Mwingereza aliyekuwa na shamba kubwa huko Njoro, alitoa ekari 740 ili kuanzisha shule ya kilimo. Haikuwa yetu. Ilikusudiwa vijana wa Kizungu waje kuwa mabwana wa mashamba. Mwaka 1958 akatoa ekari nyingine 1,100, na haukupita muda milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Kwa miaka mingi kilikuwa chuo cha diploma, na wale mabwana shamba waliokuwa wakipita vijijini kwa baiskeli na baadaye kwa pikipiki, wengi walitoka humo. Mwaka 1979 serikali ya Kenya na shirika la Marekani la USAID walifadhili upanuzi mkubwa. Mwaka 1986 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Angalia mtiririko huo. Ardhi ya bwana mkubwa, fedha za Marekani, kisha hazina ya serikali. Elimu ya kilimo Kenya haijawahi kujiendesha kwa karo ya mkulima pekee. Sasa huyu mkulima anaambiwa aifadhili kwa kuuza ploti, na hapo ndipo pananiuma.

Tuanze na mlango mkubwa, wa serikali, kwa sababu ndio unaowapitisha wengi. Mnamo Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu. Zamani serikali ilituma mgao wa jumla kwa chuo. Sasa fedha zinamfuata mwanafunzi mmoja mmoja kwa kutegemea uwezo wa familia yake. Mwaka 2024 wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waligawanywa katika makundi matano. Kundi la kwanza, la familia zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, na mzazi hubaki na asilimia 5. Kundi la pili ni 60, 30 na 10. La tatu, ambalo kipato chake hufika shilingi 70,000, ni 50, 30 na 20. La nne ni 40, 30 na 30. La tano, wanaopata zaidi ya shilingi 120,000, ni 30, 30 na 40.

Asilimia hazimwambii mtu wa Kaloleni kitu, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mtoto akiwekwa kundi la kwanza, mzazi anatoa 10,000. Akiwekwa la tatu, anatoa 40,000. Gunia la mahindi la kilo 90 tukilihesabu kwa shilingi 4,000, tofauti ya makundi mawili tu ni kutoka magunia mawili na nusu hadi magunia kumi. Kuna mashamba mengi huku kwetu ambayo hayatoi magunia kumi kwa msimu mzima, mvua ikinyesha vizuri. Na hapo sijagusa chakula wala kodi ya chumba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutafuta mfadhili wa ng'ambo. Kazi ya kwanza ni kujaza fomu ya serikali kwa usahihi. Hapa watu wetu wanaponzwa na haya. Mzazi anayeuza madafu, kugema kidogo na kuvua msimu wa kaskazi hana mshahara wa mwezi, basi kijana akifika saiba anaambiwa na mwenye kompyuta, "weka elfu hamsini, itaonekana vizuri." Haionekani vizuri. Inampandisha kundi. Wengine wanaona aibu kuandika kwamba nyumba ni ya udongo na makuti. Andika. Andika ndugu wangapi wako shuleni, andika kama mzazi mmoja amefariki na uambatishe cheti cha kifo, andika kama kuna mlemavu nyumbani. Na ukiona umewekwa kundi lisilokufaa, kata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo, usikae ukilalamika kwenye maskani.

Malalamiko kuhusu makundi hayo yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Rais aliunda kamati ya kuupitia upya mfumo mzima. Desemba 20 mwaka huo Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo wakati rufaa ikisubiriwa. Kwa mzazi maana yake ni kwamba mfumo bado unatumika, lakini unatumika huku umening'inia. Kijana anayeanza mwaka wa kwanza hawezi kuwa na hakika kwamba mwaka wa nne utalipwa kwa utaratibu ule ule.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui hadi wamefika getini: ufadhili huo wa serikali ni wa vyuo vya umma. Kabarak, ambacho kipo kwenye barabara ile ile inayopita Kiamunyi kuelekea Eldama Ravine, ni chuo kikuu cha kibinafsi. Anayekwenda vyuo vya namna hiyo anaweza kuomba mkopo wa HELB, wenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka, lakini ile sehemu ya ufadhili isiyolipwa haipati. Sisemi watu wasiende. Nasema waulize kabla ya kukata ploti.

Mlango wa pili ni basari, na huu nao unatikisika. Mwaka 2024, mwezi Septemba, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba na kwamba mfuko huo ukome Juni 30, 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti naye alitoa waraka akizikumbusha kaunti kwamba elimu ya sekondari na vyuo vikuu si jukumu lao kikatiba, na kwamba zisitoe basari za ngazi hizo bila makubaliano na serikali kuu. Magavana walipiga kelele, na wana haki ya kupiga. Kwale, kwa mfano, mpango wa Elimu ni Sasa uliwapeleka sekondari na vyuoni watoto ambao bila huo wangekuwa wanauza makaa. Na katika kaunti hiyo hiyo, kampuni ya Base Titanium, iliyokuwa ikifadhili wanafunzi wa maeneo ya mgodi, ilimaliza kuchimba Desemba 2024. Kwa hiyo Kwale peke yake imepigwa pande mbili kwa mpigo.

Lakini someni waraka na Katiba kwa makini. Nyongeza ya Nne ya Katiba inazipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na pia kilimo, yaani huduma za ugani kwa wakulima. Sasa kama kaunti ina jukumu la ugani, na ugani hauwezekani bila watu waliosomea cheti na diploma za kilimo, basi kufundisha watu hao ni sehemu ya kazi ya kaunti. Huo ndio mwanya. Sijaona bunge la kaunti ya Pwani lililoutumia ipasavyo. Basari zetu hugawanywa kwa wadi, elfu tatu huku, elfu tano kule, ili kila mwakilishi wadi apige picha na hundi kubwa ya kadibodi. Elfu tano haimfikishi mtu muhula wa pili. Afadhali wadi moja imlipie msichana mmoja na mvulana mmoja diploma nzima ya kilimo, kwa mkataba kwamba watarudi kutumikia kaunti, kuliko kuwagawia watu mia mbili nauli.

Sasa tuje kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya kilimo chenyewe, maana zipo, na nyingi zilitua hapo hapo Njoro. Mwaka 2016 mtandao wa vyuo vikuu vya kilimo Afrika, RUFORUM, wenye makao yake Makerere mjini Kampala, ulianza pamoja na Mastercard Foundation mradi uliochagua vyuo vikuu viwili, Egerton na Gulu cha kaskazini mwa Uganda. Uliwasomesha vijana werevu kutoka familia zisizojiweza, shahada ya kwanza na ya pili, na ukawataka wafanye kazi na wakulima badala ya kukaa maabara tu. Ulidumu hadi 2024, na awamu mpya yenye vyuo zaidi ikafuata. Egerton vilevile ilipewa na Benki ya Dunia mojawapo ya vituo vitatu vya umahiri vya Kenya, kile cha kilimo endelevu na kilimo biashara, ambacho kililipia wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu. Kuna ushirikiano wa zamani na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing nchini China, ambao mwaka 2012 ulizaa Taasisi ya Confucius ya Egerton, ya kwanza duniani kuelekezwa kwenye kilimo. Kupitia milango kama hiyo Wakenya wamekwenda China kusomea uzamili.

Ongeza DAAD ya Ujerumani, ambayo hulipia uzamili na uzamifu hata ndani ya Afrika Mashariki bila mtu kuondoka. Ongeza ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Ongeza AWARD, mpango ulioanza 2008 ukiwa na makao Nairobi, unaowainua wanawake watafiti wa kilimo. Ongeza Mfuko wa Taifa wa Utafiti.

Umeona tatizo? Karibu zote ni za mtu ambaye tayari ana shahada. Ngazi imeanzia juu. Anayetaka kupanda kutoka chini, mwenye C yake ya Kaloleni, anatazama vidato vinavyoning'inia hewani.

Ninayoyajua ya shahada ya kwanza nje ya nchi ni machache. Lipo moja la kipekee ambalo nalitaja kwa sababu walimu wetu wa sekondari hawalitaji: Chuo Kikuu cha EARTH nchini Costa Rica. Ni cha kilimo peke yake, kina shamba lake la ndizi la kibiashara, na kwa miaka mingi kimepokea vijana wa Afrika kwa ufadhili, wengine kupitia Mastercard Foundation. Masomo ni ya miaka minne, kwa Kihispania, lugha ambayo kijana huanza kuisoma akikubaliwa. Mtoto wa Pwani aliyekua akisikia Kigiriama nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani na Kiarabu madrasa ya jirani hawezi kutishwa na lugha ya tano. Lakini ushindani ni mkali, na anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta huwa amechelewa.

Kisha Januari 2025 likaja lile la Washington. Serikali ya Rais Trump ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Watu waliongelea dawa za UKIMWI, na ilikuwa haki kuziongelea. Ambacho hakikuongelewa sana ni kwamba maabara za ubunifu za mpango wa Feed the Future, zilizokuwa zikiendeshwa na vyuo vikuu vya Marekani, ndizo zilizokuwa zikilipia utafiti na masomo ya uzamili ya vijana wengi wa Kiafrika katika mbegu, mifugo na lishe. Karibu zote zilikatizwa. Shirika lililojenga Egerton ya 1979 halipo tena. Na viongozi wa Afrika, ambao walikutana Maputo 2003 wakaahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakarudia Malabo 2014, walikutana tena Kampala mwezi huo huo wa Januari 2025 kuahidi upya. Nchi nyingi, Kenya ikiwemo, hazijawahi kuikaribia hiyo kumi kwa uthabiti.

Nirudi kwa C ya binti yetu, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Shahada inataka C+. Diploma inamtosha, na kusema kweli mkulima wa Ganze hahitaji mwenye uzamili wa kumwambia kwa nini mhogo wake umeoza. Anahitaji mtu wa diploma anayefika shambani. Lakini tazama tulichokifanya kama taifa. Egerton kilikuwa chuo cha diploma, tukakifanya chuo kikuu. Kilifi tulikuwa na Taasisi ya Kilimo, mwaka 2007 ikageuzwa chuo kishiriki cha Kenyatta, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Pwani. Sote tulishangilia, mimi nikiwa mmoja wao, na sijutii kuwa na chuo kikuu chetu. Ila hakuna aliyeuliza yule wa diploma atakwenda wapi. Anakwenda Bukura kule Kakamega. Anakwenda Baraka huko Molo, chuo cha kanisa. Anakwenda taasisi ya maziwa ya Naivasha. Au anakwenda vyuo vya ufundi vya umma vinavyofundisha kilimo pamoja na uashi na umeme. Anapanda basi, kama nilivyosema.

Kwa hawa wa diploma ushauri wangu ni mmoja kabla ya yote: uliza chuo kiko chini ya nani. Kuna vya Wizara ya Elimu, kuna vya Wizara ya Kilimo, kuna vya kanisa na vya watu binafsi, na aina ya msaada wa serikali unaoweza kuupata hutegemea hilo. Pitia KUCCPS badala ya kwenda chuoni moja kwa moja na pesa mkononi, maana njia hiyo ndiyo inayofungua ufadhili na mkopo. Wenye alama za chini zaidi wasidharau ufadhili wa mafunzo mafupi kama ule wa 2jiajiri wa KCB, ambao tangu 2016 umekuwa na kilimo biashara ndani yake. Ila usichanganye vitu. Ile 50,000 ya mradi wa NYOTA ni ruzuku ya kuanzishia biashara, si karo. Nimekutana na mzazi aliyekuwa akiisubiri ili alipe ada ya chuo.

Na sasa la matapeli. Katika mwezi ule niliokuwa nikiulizauliza, kijana mmoja mjini Nakuru, mwenye ofisi ya chumba kimoja na bendera nne za mezani, aliniambia binti yetu anaweza kupata ufadhili kamili wa kilimo Ulaya kwa C yake. Nilipe tu elfu kumi na tano za "kufungua faili." Nilimuuliza jina la chuo. Akasema nitaambiwa faili likifunguka. Nikashukuru, nikatoka. Mfadhili wa kweli hamtozi mwombaji ili amsomeshe, na hata barua pepe yake huwa na jina la taasisi, si ya bure ya mtu binafsi.

Usidhani matapeli ni wa vyumba vya uchochoroni tu. Mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kuwapeleka vijana Finland na Canada ulikuwa na nembo ya serikali, na wazazi walichangishana, wakachukua mikopo, wengine wakauza mashamba na ng'ombe. Vijana wengi hawakusafiri, na wengine waliosafiri wakajikuta karo hazijalipwa. Agosti 2023 waliokuwa viongozi wa kaunti hiyo walifikishwa mahakamani hapa hapa Nakuru kwa kesi iliyohusu takriban shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka, na mahakama ndiyo ya kuamua. Lakini yule aliyeuza ng'ombe hangoji mahakama ili ajue kwamba zizi ni tupu.

Kuna pia mafunzo ya vitendo ya Israeli, miezi kumi na moja mashambani, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameyapitia na wakarudi na ujuzi wa umwagiliaji na akiba kidogo. Sitayasema vibaya. Ila vijana wawili wa Tanzania waliokwenda kwa mafunzo kama hayo waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023, hawajamaliza hata miezi miwili huko. Mzazi anayetia sahihi ajue kwamba anasaini kwa ajili ya darasa, kazi na hatari kwa pamoja.

Hata aliyepata kila kitu hayuko salama kabisa. Mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 2025 ulidumu siku 49. Mwenye ufadhili wa miaka minne anahesabiwa miaka minne, chuo kiwe wazi kiwe kimefungwa, na kodi ya chumba Kiamunyi au Njoro hailali wakati wa mgomo.

Nilimpigia kaka yangu siku ya ishirini na tisa. Nikamwambia asiuze. Nikamweleza kwamba binti apitie KUCCPS, ajaze fomu ya ufadhili na mkopo bila kuficha umaskini, apeleke barua ya basari kwa wadi na nyingine kwa kaunti akitaja wazi neno ugani, na kwamba pengo litakalobaki tulijaze sisi ndugu, kila mmoja sehemu yake. Alinyamaza kidogo. "Na pengo likiwa kubwa?" Nikamjibu kwamba mti unaozaa kila mwezi hauuzwi kwa karo ya muhula mmoja, unakodishwa.

Amewakodisha wagema minazi kumi na miwili ya upande wa barabarani kwa mwaka mmoja. Fedha hizo, pamoja na yetu, zimetosha muhula wa kwanza, na majibu ya ufadhili tunayangoja. Basari ya wadi ilitoka, elfu nne. Binti yuko kwa shangazi yake, anaamka saa kumi na moja kuwahi matatu, na mzee mwenye nyumba amempa kipande cha ua nyuma ya tangi la maji apande mboga. Mwanawe mhitimu ndiye aliyemsaidia kukilima.

Wiki iliyopita ameomba atumiwe kilo mbili za udongo wa ile sehemu ya minazi kwa basi la usiku, kwa sababu mwalimu amewataka kila mmoja alete udongo wa kwao wakaupime. Kaka yangu ameniuliza kama basi hutoza udongo kama mzigo au kama barua.